Mkasi wa Eyal Sivan

Aprili 1961, ndani ya jumba jipya la Beit Ha'am mjini Jerusalem, kamera nne zilifichwa nyuma ya kuta zilizotobolewa matundu ili zisiwasumbue majaji. Wakati ule Israel haikuwa na kituo cha televisheni. Mikanda ilipakiwa kwenye ndege kwenda nchi za nje, watu wa New York na Hamburg wakaiona sebuleni mwao kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa, huku wenyeji wa Jerusalem wakiisikiliza redioni. Aliyeongoza kamera hizo alikuwa Mmarekani Leo Hurwitz, mtengenezaji mkongwe wa filamu za makala ambaye kwao alikuwa amenyimwa kazi kwa sababu ya siasa zake za mrengo wa kushoto. Katika picha zake kuna tabia moja inayojirudia: shahidi anasimulia, watu ukumbini wanalia, na kamera inarudi tena na tena kwa mtu aliyeketi ndani ya kibanda cha kioo.

Eichmann alinyongwa usiku wa kuamkia Juni 1, 1962, na mikanda ikasahaulika. Sehemu ilipotea, sehemu ikaharibika, na iliyobaki, saa 350 hivi, ikaishia kwenye hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem. Kwa miaka mingi walioihitaji walichukua vipande vilevile vichache: mwendesha mashtaka Gideon Hausner akifungua kesi, shahidi mmoja akizimia mbele ya mahakama, hukumu ikisomwa. Kisha miaka ya 1990 akaja Mwisraeli mmoja aliyekuwa akiishi Paris, pamoja na rafiki yake daktari, wakitaka kuyaona yote yaliyobaki.

Huyo Mwisraeli ni Eyal Sivan. Alizaliwa Haifa mwaka 1964, akakulia Jerusalem, akafanya kazi ya upigaji picha Tel Aviv, na mwaka 1985, akiwa na miaka ishirini na moja, akahamia Ufaransa. Tangu hapo ametengeneza filamu nyingi, na karibu kila moja imezua ugomvi. Wapo wanaomwita msaliti wa Wayahudi wenzake, wapo wanaomwita jasiri. Majina yote mawili yanamrahisishia mtazamaji kazi, kwa sababu yanamruhusu kutoa hukumu bila kuzitazama filamu. Ukizitazama kwa mfuatano unakuta mtu anayeuliza swali lilelile kwa zaidi ya miaka thelathini.

Sarufi ya Kiswahili inaweza kutusaidia kulielewa swali hilo. Tunasema "watu waliuawa", "vijiji vilichomwa", "familia zilihamishwa", tukaweka nukta. Kauli ya kutendwa inatuwezesha kumaliza sentensi bila kumtaja mtu. Filamu nyingi za makala kuhusu maovu hujengwa kwa kauli hiyo: mtendwa yuko mbele ya kamera, analia, sisi tunalia naye, na mtenda yuko nje ya picha, kama jini asiyeonekana. Sivan alikuja kuigeuza sentensi. Nani alitenda? Na alipokuwa akitenda, aliiitaje kazi yake?

Nasema alikuja kuigeuza kwa sababu hakuanzia hapo. Filamu yake ya kwanza, Aqabat-Jaber ya mwaka 1987, ni ya watendwa hasa. Aqabat-Jaber ni kambi ya wakimbizi wa Kipalestina karibu na Yeriko, iliyowahi kuwa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote Mashariki ya Kati, ikiwa na watu wapatao 65,000. Vita vya 1967 viliwasukuma wengi wao kuvuka mto Jordan, na Sivan alipofika alikuta watu elfu chache tu wakiishi kati ya nyumba za udongo zilizokuwa zikirudi kuwa udongo. Anawaacha wazee waeleze vijiji walivyotoka, jina kwa jina, kisima kwa kisima. Filamu ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Cinéma du Réel, Paris, miezi michache kabla ya intifada ya kwanza, uasi wa Wapalestina, kulipuka. Miaka saba baadaye, jeshi la Israel lilipoondoka Yeriko na kuiachia Mamlaka ya Palestina, alirudi na kamera. Watu walikuwa palepale. Amani ilikuwa imetangazwa, na njia ya kurudi vijijini haikuwamo ndani yake.

Kati ya safari hizo mbili aligeuza kamera kuelekea kwao. Filamu inaitwa Izkor, neno la Kiebrania la kukumbuka. Inafuata shule za Israel katika majira ya kuchipua, wakati sikukuu zinapofuatana: Pasaka ya kutoka Misri utumwani, siku ya kuwakumbuka waliouawa na Wanazi, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na papo hapo siku ya uhuru. Mtoto wa chekechea anaanza na Farao na kumalizia na bendera. Hakuna mwalimu anayeonekana mkatili. Wengi wanapendeza. Lakini zikiwekwa pamoja katika filamu moja, nyimbo na sherehe hizo zinaonyesha jinsi kumbukumbu ya mateso inavyogeuka kuwa maandalizi ya kuvaa sare. Sivan hakuongeza maelezo ya msimulizi. Alipanga tu siku zilivyopangwa kwenye kalenda. Hapo ndipo mkasi wake ulipoanza kujulikana.

Anayekatiza filamu hiyo kwa maneno makali ni Yeshayahu Leibowitz, mwanasayansi na mwanafalsafa wa Jerusalem, Myahudi mshika dini sana, ambaye mara tu baada ya vita vya 1967 alionya kwamba kuwatawala watu wengine kungeiharibu Israel. Sivan alimpenda mzee huyu kiasi cha kumtengenezea filamu nyingine ya sehemu mbili mwaka 1993, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kutoka kwake alirithi wazo moja gumu: kutii sheria hakumwondolei mtu wajibu wa kujiuliza anatii nini.

Sasa turudi kwa daktari. Rony Brauman, aliyezaliwa Jerusalem na kukulia Ufaransa, alikuwa rais wa Madaktari Wasio na Mipaka kuanzia 1982 hadi 1994. Mwaka 1985 tawi lao la Ufaransa lilifukuzwa Ethiopia baada ya kusema hadharani kwamba serikali ya Mengistu ilikuwa ikiitumia misaada ya njaa kuwahamisha watu kwa nguvu. Mashirika mengi mengine yalinyamaza na kuendelea kugawa chakula. Brauman alitoka huko na swali ambalo wahudumu wa misaada hawapendi kuulizwa: unaweza kuwa mtu mwema, unayefanya kazi yako vizuri, na bado ukawa gurudumu la mashine inayoua? Alipokisoma kitabu cha Hannah Arendt cha 1963 kuhusu kesi ya Eichmann, alilikuta swali lake humo. Arendt alikuwa ameandika kwamba aliyemwona kizimbani hakuwa shetani bali karani, mtu asiyefikiri, na akauita uovu huo wa kawaida.

Kabla filamu yao haijatoka, Rwanda iliingia kati. Mwaka 1996 Sivan alitengeneza filamu ya dakika 13 tu iitwayo Itsembatsemba. Humo mna picha za mnato, nyeusi na nyeupe, alizopiga Mfaransa Alexis Cordesse miaka miwili baada ya mauaji ya kimbari, na juu ya picha hizo zinasikika sauti za mwaka 1994 za RTLM, redio iliyochochea mauaji hayo. Basi. Macho yanaona kimya kilichobaki, masikio yanasikia watangazaji wakichangamka. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuguswa zaidi ya Mfaransa, kwa kuwa baadhi ya maneno hayahitaji mkalimani. Kuua kuliitwa gukora, kufanya kazi. Mtu akihimizwa kwenda kwenye akazi, sisi tunasikia kazi. Mwenye panga alikuwa akilima, mwenye zamu kwenye kizuizi cha barabarani alikuwa kazini. Mwaka huohuo Sivan alitoa filamu nyingine fupi kuhusu Burundi.

Kanda za RTLM zilisikika tena mahali tunapopafahamu: Arusha. Katika kesi ya vyombo vya habari mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa, waanzilishi wawili wa redio hiyo na mhariri wa gazeti la Kangura walitiwa hatiani Desemba 2003, na rufaa ya 2007 ikapunguza vifungo vyao. Mashauri ya mahakama ile yalirekodiwa kwa picha na sauti kwa miaka mingi, na rekodi zake sasa zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji. Kila ninapopita barabara ile nawaza kuhusu hifadhi ya Jerusalem na saa zake 350.

Filamu ya Eichmann ilitoka 1999 na kuonyeshwa kwenye tamasha la Berlin. Inaitwa Mtaalamu, kwa sababu ofisini kwake Eichmann alisifika kama mtaalamu wa mambo ya Wayahudi na wa kuwasafirisha. Ina urefu wa saa mbili na dakika chache, na humo hakuna picha hata moja aliyoipiga Sivan mwenyewe. Hapa wengi huuliza: kama hakupiga picha, alifanya nini? Jibu liko kwenye kuchagua na kuunga. Katika kesi ile walisimama mashahidi zaidi ya 100, na kwa Israel ya wakati huo sauti za manusura ndizo zilizokuwa kiini chake. Nchi nzima iliwasikia kwa mara ya kwanza. Sivan na Brauman waliziondoa nyingi. Walichobakiza ni mtu mwenye miwani akipangapanga makaratasi, akisimama wima kila jaji anapomwita, akieleza kwa subira nani alikuwa na mamlaka gani juu ya treni ipi. Unaingia ukitarajia jinamizi, unamkuta mtu unayemjua. Ni yule wa dirishani ambaye faili lako haliwezi kusonga kwa kuwa muhuri ni wa ofisi nyingine.

Lugha ndiyo inayotisha. Watu hawauawi, wanahamishwa, wanaondolewa, wanashughulikiwa. Arendt alinukuu Eichmann akijitetea kwamba lugha ya kiofisi ndiyo lugha yake pekee, na filamu inatuketisha tuisikilize lugha hiyo mpaka masikio yaume. Ukiiweka kando ya "kazi" ya RTLM, unaelewa kwa nini mtu mmoja alizitengeneza zote mbili ndani ya miaka mitatu. Redio ilipiga kelele, karani alinong'ona, lakini kila mmoja alitafuta neno litakaloficha maiti.

Filamu ililetewa mashtaka mawili, na nadhani yanafaa kutenganishwa.

La kwanza lilihusu mkasi wenyewe. Mwaka 2005 aliyewahi kuisimamia hifadhi ile ya Jerusalem alidai hadharani kwamba watengenezaji walikuwa wamechezea ushahidi: majibu yameungwa na maswali yasiyo yake, mpangilio umevurugwa, sauti zimesogezwa. Sehemu ya hayo haihitaji ubishi, kwani filamu haijifichi. Mpangilio wa siku za kesi umeachwa, na kwenye kioo cha kibanda wahariri waliongeza kwa kompyuta taswira za watu waliohudhuria. Sivan hujibu kwamba filamu si kumbukumbu za mahakama, na kwamba kila filamu ya makala hukata na kuunga. Ni kweli, lakini jibu hilo halinitoshelezi. Anayetumia picha za kesi ya jinai, tena kesi ya mauaji ya mamilioni, anakopa heshima ya mahakama. Mtazamaji anaamini jibu lililofuata swali ndilo lililotolewa. Ukiikopa heshima hiyo, unawajibika kumwambia mtazamaji mapema ulipokata.

Shtaka la pili ni zito zaidi kwangu. Je, karani yule alikuwa wa kweli? Mwaka 1957, akiwa amejificha Argentina, Eichmann alikaa kwa saa nyingi na mwandishi wa Kinazi aitwaye Willem Sassen huku kinasa sauti kikizunguka. Humo hazungumzi kama gurudumu la mashine. Anajivuna, na anasikitika kwamba kazi haikumalizika. Mwanafalsafa wa Kijerumani Bettina Stangneth alizichambua nyaraka hizo katika kitabu cha 2011, na mwaka 2022 Mwisraeli mwingine, Yariv Mozer, alitoa mfululizo wa makala uliojengwa juu ya kanda zenyewe za sauti. Kwa hiyo yule wa kibanda cha kioo yawezekana alikuwa amevaa ukarani kama wakili anavyovaa joho. Filamu ya Sivan ilimchukua alivyojionyesha. Hilo halibatilishi uchunguzi wake kuhusu lugha, maana joho la karani lisingeweza kumfaa kama wasingekuwapo makarani halisi chini yake na pembeni yake, madereva wa treni na wapanga ratiba. Linapunguza tu uhakika wa yule anayedhani amemwona Eichmann mzima.

Mwaka 2004, pamoja na mhariri Audrey Maurion, Sivan alirudi kwa mtenda, safari hii ofisa wa Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, ambaye Februari 1990 anakaa kwenye ofisi inayofungwa na kukumbuka miaka yake ya kazi. Sauti inasimulia, na picha ni zile zilizopigwa na wapelelezi wenyewe: mtu akivuka barabara, mtu akifungua mlango, mtu asiyejua anatazamwa. Jina la filamu lina maana ya "kwa kuwapenda wananchi". Ofisa yule anaamini kabisa kwamba aliwapenda.

Hakuna kilichomgharimu kama filamu ya Njia ya 181, aliyoitengeneza na Michel Khleifi, Mpalestina mzaliwa wa Nazareti anayeishi Ubelgiji. Namba hiyo ni ya azimio la Umoja wa Mataifa la Novemba 29, 1947, lililopendekeza kuigawa Palestina, kwa kura 33 dhidi ya 13, nchi 10 zikijizuia. (Ethiopia ilijizuia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu zikakubali, Misri ikakataa. Tanganyika, ikiwa chini ya udhamini wa Umoja huohuo, haikuwa na kiti.) Kiangazi cha 2002, intifada ya pili ikiwa imepamba moto, wawili hao waliingia kwenye gari na kuufuata mpaka uliochorwa kwenye ramani ile na ambao haukuwahi kuwekwa ardhini. Kila walipomkuta mtu walisimama wakamuuliza mahali hapa palikuwa panaitwaje. Filamu inachukua saa nne na nusu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa humo Sivan anauachia mkasi kidogo. Watu wanazungumza mpaka wanajisaliti wenyewe.

Katika mji wa Lod, kinyozi Mpalestina anasimulia mauaji ya 1948 huku akikata nywele. Kwa mtazamaji wa Ufaransa tukio hilo lilikuwa kama kofi, kwa sababu filamu kubwa ya Claude Lanzmann ya 1985 kuhusu mauaji ya Wayahudi ina kinyozi pia, manusura wa Treblinka, anayevunjika sauti akiwa na mkasi mkononi. Je, Sivan na Khleifi walikuwa wakisema mambo hayo mawili ni sawa? Waliowapinga walisema ndiyo, na kwamba ni matusi. Machi 2004 Cinéma du Réel, tamasha lilelile lililompa Sivan tuzo ya kwanza, lilifuta onyesho moja kati ya mawili. Barua za kupinga na za kutetea zikapishana magazetini. Mwanafalsafa mmoja mashuhuri wa Paris alimshambulia redioni kwa maneno yaliyomfanya Sivan aende mahakamani kudai amekashifiwa, na akashindwa. Mimi naona tukio lile liliwekwa kwa makusudi, na halisemi mambo hayo ni sawa. Linasema ukimwelewa kinyozi wa kwanza huna kisingizio cha kutomsikiliza wa pili. Ila naelewa kwa nini aliyepoteza ukoo wake Treblinka hatakaa kitako kusubiri ufafanuzi huo.

Ieleweke pia kwamba Sivan si mfano wa kawaida wa watengenezaji wa makala wa Israel. Wenzake wengi wakosoaji wamebaki nyumbani na kuchukua fedha za mifuko ya filamu inayotegemea serikali, iliyoimarishwa na sheria ya filamu ya 1999. Ndivyo ilivyowezekana mwaka 2013 kwa filamu mbili zenye mkono wa Waisraeli, moja ikiwahoji wakuu sita wa zamani wa usalama wa ndani, nyingine ikitoka kijiji cha Bil'in, kugombea Oscar kwa pamoja huku mawaziri wakinung'unika. Sivan alichagua fedha za Ulaya na anaunga mkono kususia taasisi za dola ya Israel. Wanaobaki humwambia ni rahisi kukemea ukiwa Paris. Yeye huwaambia kwamba serikali inayolipia ukosoaji huutumia kujipamba. Ni ugomvi wa kifamilia, na kila upande una hoja.

Mwaka 2009 alipumzika kwenye jambo lililoonekana jepesi: machungwa. Kabla ya 1948 machungwa ya Jaffa yalikuwa fahari ya bandari hiyo ya Kiarabu. Waarabu na Wayahudi waliyachuma, wakayafunga kwenye karatasi na kuyapakia pamoja. Vita vikawaondoa wakazi wengi wa mji, bustani zikabadili mikono, na jina la mji likageuka kuwa nembo ya taifa jipya kwenye masoko ya Ulaya. Sivan anawaketisha wazee wa pande zote mbili mbele ya matangazo, mabango na filamu za zamani, kisha anawaachia waoneshane wanachokiona. Mtenda hapa ni picha ya tangazo: shamba limejaa matunda, na waliolipanda wametolewa kwenye fremu.

Miaka mitatu baadaye, katika filamu ya Dola ya Pamoja, aliwahoji Wapalestina na Waisraeli mmoja mmoja, akiwauliza maswali yaleyale kuhusu kuishi chini ya dola moja. Kisha akaigawa skrini katikati. Upande mmoja mtu anaongea Kiarabu, upande wa pili mwingine anaonekana akisikiliza, halafu anajibu kwa Kiebrania. Wanapingana, wanakubaliana, kuna mahali mmoja anatabasamu kwa wakati ufaao. Inachukua muda kabla mtazamaji hajakumbuka kwamba watu hao hawakuketi chumba kimoja, na kwamba mazungumzo yote yalifanyika kwenye meza ya mhariri.